Namna ya kupata umbali wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili vilivyo mbali

Ukiuliza kutoka Singapore hadi New York ni kilomita ngapi, utapewa majibu matatu tofauti, na huenda yote yakawa ya kweli. Mmoja atakwambia 15,349. Mwingine atasema karibu 16,470. Rubani aliyetoka kutua atakuwa na namba yake. Wa kwanza amepima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, wa pili amejumlisha vipande viwili vya safari inayotua Frankfurt, na rubani amesoma umbali ambao ndege yake imeupita kweli siku hiyo. Kwa hiyo, kabla hujagusa kikokotoo, amua unatafuta umbali upi. Watu wengi hubishana kuhusu namba kumbe kila mmoja anapima kitu chake.

Hapa nitaanza na umbali wa msingi, ule wa njia fupi kabisa, kwa sababu hizo nyingine zote hujengwa juu yake. Mfano wangu utakuwa safari hiyo hiyo ya Singapore na New York. Shirika la Singapore Airlines limeirusha moja kwa moja hadi kiwanja cha JFK tangu Novemba 2020, na katika safari za abiria zenye ratiba zisizotua njiani, hii ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza kwa urefu. Pia hesabu yake inaonyesha vizuri jinsi ramani ya ukutani inavyotudanganya.

Hatua ya 1: Hakikisha ni viwanja vipi hasa

Jina la mji halitoshi. New York ina JFK, Newark na LaGuardia. Tokyo ina Haneda na Narita. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted na vingine. Tumia msimbo wa herufi tatu, ule unaochapwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi: JFK ni John F. Kennedy, EWR ni Newark, SIN ni Changi ya Singapore, HND ni Haneda, NRT ni Narita. Jihadhari na misimbo ya mji mzima kama LON, NYC na TYO. Hiyo inakusanya viwanja vyote vya mji, kwa hiyo haikuonyeshi mahali hata pamoja.

Jihadhari zaidi na majina yanayofanana. SJC ni San Jose ya California, SJO ni San José ya Costa Rica. BHX ni Birmingham ya Uingereza, BHM ni Birmingham ya Alabama. SYD ni Sydney ya Australia, lakini YQY ni Sydney nyingine, iliyo Nova Scotia nchini Kanada, na wapo abiria waliokata tiketi ya huko wakidhani wanakwenda Australia. Ukikosea hapa, hesabu yote inayofuata itakuwa safi na jibu litakuwa la safari nyingine.

Hatua ya 2: Tafuta latitudo na longitudo za kila kiwanja

Kila kiwanja kina nukta moja rasmi inayokiwakilisha, mara nyingi karibu na katikati ya njia za kurukia, na nchi husika huichapisha katika taarifa zake za usafiri wa anga. Namba hizo hutolewa kwa mfumo wa WGS 84, ule ule unaotumiwa na GPS. Kwa matumizi ya kawaida, ukizipata kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni au ukibonyeza katikati ya kiwanja kwenye ramani ya setilaiti, inatosha. Kosa la kilomita moja mwanzoni haliwezi kukupotosha kwa zaidi ya kilomita moja mwishoni.

Mara nyingine utazikuta zimeandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde. JFK, kwa mfano, ni 40° 38′ 23″ kaskazini. Zigeuze ziwe desimali: gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha. Yaani 40 + 0.6333 + 0.0064, ambayo ni 40.6397. Usiandike 40.3823. Hilo ni kosa la kawaida mno, na halionekani kwa macho kwa sababu namba bado inafanana na latitudo ya New York.

Baada ya hapo weka alama. Kaskazini na mashariki ni chanya, kusini na magharibi ni hasi:

JFK: latitudo 40.64, longitudo −73.78
SIN: latitudo 1.35, longitudo 103.99

Sasa toa longitudo moja kwenye nyingine. 103.99 − (−73.78) ni 177.77. Ukisahau ile alama ya kutoa utapata 30.21, na hesabu itakuletea kilomita 5,320 hivi. Hiyo ni pungufu hata kuliko New York hadi London, ambayo ni kama 5,540! Tofauti ikizidi 180, iondoe kwenye 360, maana dunia unaweza kuizunguka kwa upande wa pili.

Hatua ya 3: Piga hesabu yenyewe

Njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni mojawapo. Unachotafuta kwanza si kilomita, ni pembe. Jione umesimama kwenye kitovu cha dunia, mkono mmoja umeunyoosha kuelekea kiwanja cha kwanza na wa pili kuelekea kiwanja cha pili. Uwazi ulio kati ya mikono hiyo ndio pembe tunayoitaka. Tuiite D.

cos D = (sin L1 × sin L2) + (cos L1 × cos L2 × cos T)

L1 na L2 ni latitudo za viwanja viwili, T ni tofauti ya longitudo. Kikokotoo cha kawaida cha sayansi, hata kile cha ndani ya simu ukiilaza, kinatosha. Kabla ya kuanza angalia kama kioo kinaonyesha DEG, yaani nyuzi. Kikiwa kwenye RAD kitachukulia nyuzi zako kuwa kipimo kingine, na jibu litakuwa takataka.

Kwa mfano wetu:

sin 40.64 = 0.6513, na sin 1.35 = 0.02356. Zidisha: 0.0153.
cos 40.64 = 0.7588, cos 1.35 = 0.9997, cos 177.77 = −0.9992. Zidisha: −0.7580.
Jumla: −0.7427.

Bonyeza cos⁻¹ ya −0.7427 upate nyuzi 137.96. Kila nyuzi moja ya duara kuu ni kilomita 111.195, ukichukua nusu kipenyo ya wastani ya dunia kuwa kilomita 6,371. Kwa hiyo 137.96 × 111.195 ni kilomita 15,340.

Kama una viwanja vingi, usirudie haya kwa mkono. Fungua programu ya majedwali, weka latitudo ya kwanza kwenye A2, longitudo yake B2, latitudo ya pili C2, longitudo yake D2, kisha andika:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A2))*SIN(RADIANS(C2))+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(C2))*COS(RADIANS(D2-B2)))

Hapo RADIANS ni lazima, kwa sababu programu hizi hazifahamu nyuzi. Ile ya longitudo inayozidi 180 haitakusumbua, fomula inaimeza yenyewe.

Hata hivyo nakushauri uifanye kwa mkono angalau safari moja. Ukishaiona ile pembe ikitoka, hutarudi tena kuamini mstari ulionyooka kwenye ramani bapa.

Hatua ya 4: Hakiki jibu

Kipimo cha kwanza ni rahisi: nusu ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 20,015. Hakuna viwanja viwili duniani vinavyoweza kuachana zaidi ya hapo. Ukipata 23,000, umekosea mahali.

Kipimo cha pili ni uzi na tufe la dunia, lile la mezani. Bana uzi kwenye mji mmoja, uvute hadi mji wa pili mpaka ukaze, kisha upime kwa rula. Kwenye tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita ya uzi ni kama kilomita 425. Kati ya New York na Singapore utapata sentimita 36 hivi. Zidisha uone. Lakini kilicho muhimu zaidi ni pale uzi unapopita: hauelekei Atlantiki wala Pasifiki. Unapanda moja kwa moja kaskazini na kupita kama kilomita 280 tu kutoka Ncha ya Kaskazini.

Hesabu yetu ilikwisha kutuambia hivyo. Tofauti ya longitudo ni 177.77, pungufu kidogo tu ya 180, maana yake longitudo za miji hii ziko karibu kabisa kwenye pande mbili zinazotazamana za dunia. Kutoka New York hadi nchani ni nyuzi 49.36, kutoka nchani hadi Singapore ni 88.65, jumla 138.01. Njia fupi kabisa ni 137.96. Kwa hiyo ukiipitisha ndege juu ya ncha yenyewe, unaongeza kilomita tano hivi tu. Kwenye ramani ya Mercator, ya mwaka 1569, ambayo bado imetundikwa ukutani kila mahali, ncha haipo kabisa, na Greenland inaonekana sawa na Afrika ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14. Ramani ile ilichorwa iwasaidie mabaharia kushika mwelekeo mmoja wa dira. Haikuchorwa kwa ajili ya kupimia umbali.

Hata miji iliyo kwenye latitudo moja haiunganishwi kwa mstari wa latitudo hiyo. Madrid na New York zote ziko karibu na nyuzi 40.5 kaskazini. Ukishika mstari huo na kwenda magharibi tu, utasafiri kama kilomita 5,930. Duara kuu, linalopanda hadi karibu nyuzi 46 katikati ya bahari kabla ya kushuka tena, ni 5,760.

Kipimo cha tatu ni kulinganisha na chombo kingine. Tovuti ya Great Circle Mapper hupokea ile misimbo ya herufi tatu na kuchora njia, na Google Earth ina rula yake. Kwa JFK na SIN utaona kama 15,349, yaani kilomita 9 zaidi ya tulizopata. Hatukukosea. Dunia si tufe kamili. Imevimba kidogo kwenye ikweta, ambako nusu kipenyo ni kilomita 6,378, na imebonyea nchani, ambako ni 6,357. Programu nzuri hutumia umbo hilo, nyingi kwa mbinu aliyoichapisha mtaalamu wa upimaji wa dunia, Thaddeus Vincenty, mwaka 1975. Fomula yetu ya tufe hukosea kwa sehemu ndogo ya asilimia moja, na kwa safari ndefu hilo si la kukukosesha usingizi.

Hatua ya 5: Geuza vipimo inavyotakiwa

Marubani na wapanga safari hutumia maili za baharini. Moja ni mita 1,852 kamili, kiwango kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929. Gawa kilomita kwa 1.852. Ukitaka maili za kawaida, gawa kwa 1.609. Kwa hiyo 15,349 ni maili 8,288 za baharini, au maili 9,540 hivi za nchi kavu. Pima mara mbili ni maili zipi ulizopewa, maana tofauti yake ni asilimia 15.

Kuna njia ya mkato pia. Maili ya baharini ilitokana na dakika moja ya latitudo, kwa hiyo kila nyuzi moja ni maili 60. Nyuzi 137.96 mara 60 ni 8,278. Umefika karibu bila kujua nusu kipenyo ya dunia.

Hatua ya 6: Kama safari inatua njiani

Hapa ndipo lile swali la mwanzo linarudi. Kama unataka kujua ndege imesafiri kiasi gani, pima kila kipande peke yake kisha jumlisha. Singapore hadi Frankfurt ni kama 10,280, Frankfurt hadi JFK kama 6,190, jumla 16,470. Kutua Frankfurt kumeongeza zaidi ya kilomita 1,100.

Lakini kama umbali unautaka kwa ajili ya haki za abiria, usijumlishe kabla hujasoma sheria. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya hupanga fidia kwa umbali: hadi kilomita 1,500, kutoka hapo hadi 3,500, na zaidi, na inataja wazi kwamba umbali upimwe kwa duara kuu. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kesi ya abiria waliotoka Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels na kufika wamechelewa. Vipande viwili vikijumlishwa vilikuwa kilomita 1,656, moja kwa moja ni 1,326. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni kutoka kiwanja cha kuanzia hadi cha mwisho, basi. Fidia ikawa euro 250 badala ya 400. Namba moja iliyopimwa kwa njia mbili, na tofauti yake ikawa fedha mkononi mwa mtu.

Kwa wanaokadiria hewa ukaa kuna utaratibu mwingine. Kikokotoo cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, huongeza kidogo juu ya duara kuu ili kufidia mizunguko ya kweli: kilomita 50 kwa safari isiyofika 550, kilomita 100 kuanzia hapo hadi 5,500, na 125 kwa safari ndefu zaidi ya hapo. Hapa vipande hupimwa kila kimoja, kwa sababu kila kupaa kunakula mafuta yake.

Hatua ya 7: Kutoka namba ya karatasini hadi njia ya angani

Ndege haifuati duara kuu hadi mwisho, na sababu kubwa ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ikiupata upepo huo ukiisukuma kutoka nyuma, inafaa irefushe njia ili ikae ndani yake. Ikiwa ni upepo wa mbisho, itafaa izunguke iukwepe. Ndiyo maana ndege inayotoka Singapore kwenda New York mara nyingi huelekea mashariki juu ya Pasifiki na kuiacha ile njia fupi ya ncha: inaruka kilomita nyingi zaidi, lakini inafika mapema na mafuta yakiwa yamebaki. Kwenye Atlantiki ya Kaskazini njia hupangwa upya kila siku, na ya kwenda si ya kurudi.

Sababu ya pili ni anga lililofungwa. Tangu Februari 2022, mashirika mengi ya Ulaya hayaruki juu ya Urusi. Helsinki hadi Tokyo kwa duara kuu haijabadilika hata mita moja, ni kama kilomita 7,800. Safari iliyokuwa ikichukua saa tisa na nusu hivi sasa inakaribia saa 13, kwa sababu ndege inazunguka ama kwa kaskazini karibu na ncha, ama kwa kusini. Ukiona muda wa safari haulingani kabisa na hesabu yako, tazama kwanza ni nchi gani duara kuu linaikata.

Tatu, ndege za injini mbili hubanwa na kanuni ya kutokwenda mbali na kiwanja cha dharura kuliko muda zilioidhinishiwa. Na kimo chenyewe? Kuruka kilomita 11 juu ya ardhi huongeza kama kilomita 26 kwenye safari yetu ya 15,340. Ni kidogo, achana nacho.

Hatua ya 8: Kadiria muda

Gawa umbali kwa 900, ambayo ndiyo kasi ya karibu kwa saa ya ndege kubwa za leo zikiwa juu, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. New York hadi London: 5,540 kwa 900 ni saa 6 na dakika 9, ukiongeza nusu saa unapata saa 6 na dakika 39. Kwa ndege inayokwenda mashariki hiyo iko karibu sana na ukweli. Inayorudi magharibi iongezee saa moja hivi. Upepo ukichachamaa hesabu yote huvurugika: Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipokuwa ikielekea Ulaya, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Ukigawa umbali kwa muda huo, ni wastani wa kilomita 1,120 kwa saa. Haikuvunja kizuizi cha sauti, kwa sababu kasi hiyo inapimwa dhidi ya ardhi, na hewa yenyewe iliyoibeba ilikuwa ikikimbia.

Ukitaka kuona njia iliyopitwa kweli, fungua tovuti ya kufuatilia ndege ya Flightradar24, tafuta namba ya safari, na utazame mstari wa siku husika juu ya ramani. Usichukue siku moja ukaifanya ndiyo kanuni. Tazama siku kadhaa za safari hiyo hiyo, za kwenda na za kurudi, na kama unaweza za Januari na za Julai, kwa kuwa mkondo wa upepo wa kaskazini huwa mkali zaidi wakati wa baridi.